Utamu wa Kitabu: Namna Wasomaji wa Kisumu na Mwambao wa Ziwa Wanavyovisifu Vitabu

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, mtu anayetajwa mara chache kuliko wote ni msomaji aliyekipenda kitabu. Mtunzi hutajwa, na maisha yake huchunguzwa. Matini huchambuliwa kwa fani na maudhui. Jamii hutajwa kwa upana wake. Msomaji huingizwa katika maelezo hayo kwa jina la jumla, yaani hadhira, ambayo kazi yake ni kuelimishwa, kuonywa na kuburudishwa. Hilo neno la mwisho, kuburudishwa, ndilo linalopitiwa upesi kuliko mengine, kana kwamba halina lolote la kuelezwa.

Makala haya yanakusudia kueleza namna wasomaji wa Kisumu na mwambao wa Kenya wa Ziwa Viktoria, ambalo wenyeji huliita Nam Lolwe, wanavyozungumza juu ya vitabu vilivyowapendeza. Inadaiwa hapa kwamba mazungumzo hayo si porojo tu wala si uhakiki mbovu unaongoja kusahihishwa na wasomi, bali yana msamiati wake, taratibu zake na mizani yake ya kupimia. Kisumu inafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa sababu lugha ya kusomea na lugha ya kusifia aghalabu si moja. Kitabu huweza kusomwa kwa Kiingereza, kikasimuliwa nyumbani kwa Kijaluo, kisha kikabishaniwa kwa Kiswahili sokoni Kibuye au ndani ya gari la abiria. Mtu anayetaka kujua jinsi hukumu juu ya kitabu inavyovuka kutoka lugha moja hadi nyingine atapata mifano tele mahali hapo.

Wasomaji wa kwanza

Kwanza yafaa kulitazama neno lenyewe. Katika Kijaluo, kusoma ni *somo*, nalo ni kitenzi kilichokopwa kutoka Kiswahili na kuvishwa irabu ya mwisho *-o*, kama ilivyo kawaida ya vitenzi vingi vya Kijaluo kama *pako*, kusifu, na *goyo*, kupiga. (Ni jambo la kufurahisha kidogo kwamba umbo hilo limegongana na nomino ya Kiswahili, somo, ambayo ina maana ya funzo na pia ya mtu mwenye jina moja na mwenzake.) Kuandika ni *ndiko*, umbo linalolandana mno na andika. Kwa kiambishi awali cha *ja-* katika umoja na *jo-* katika wingi, hupatikana *jasomo* na *josomo*, msomaji na wasomaji.

Lakini neno *josomo*, lilipoanza kutumika Nyanza, halikuwa na maana ya mtu yeyote ajuaye herufi. Lilikuwa jina la kundi la watu: wale waliokwenda misheni, wakajifunza katekisimu na Injili, wakavaa nguo za kizungu na kwa hiyo wakaitwa pia *jonanga*, watu wa nguo. Matumizi hayo yana ndugu yake ng'ambo ya ziwa, kwani Wakristo wa kwanza wa Buganda nao waliitwa wasomaji kwa lugha yao. Uhusiano huo si wa kubahatisha. Nchi ya Nyanza ilikuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902, na Wakristo wa Kianglikana wa Nyanza walikuwa chini ya dayosisi ya Uganda hadi mwaka 1921. Shule ya Maseno ilianzishwa mwaka 1906 na Wamisionari wa C.M.S.; mwaka huo huo Waadventista wakafungua misheni yao kwenye kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay, ambako baadaye kiliwekwa kiwanda cha kupiga chapa.

Basi katika mwambao huu, kusoma kulianza kama jambo la kundi na la hadharani. Josomo walisoma pamoja, kwa sauti, na mara nyingi kwa niaba ya wasiojua kusoma. Hata leo, katika nyumba nyingi, kitabu kilichopendeza hakikai kwa mtu mmoja. Husimuliwa. Nyanya asiyejua Kiingereza hupata kuijua riwaya ya Kiingereza kupitia kwa mjukuu wake, na pengine huihukumu vizuri kuliko mjukuu mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye mwenye uzoefu wa *siwindhe*, yaani nyumba ya bibi ambamo watoto walilala wakisikiliza hadithi. Kitabu kilikuta utaratibu wa kusikiliza na kutoa maoni ukiwa tayari umekomaa, kikaingizwa humo.

Utamu

Neno ambalo wasomaji wa mwambao hulitumia zaidi wanapokisifu kitabu ni la chakula. Kwa Kijaluo ni *mit*: *buk mamit* ni kitabu kitamu, na *sigana mamit* ni hadithi tamu. Kwa Kiswahili ni hilo hilo tamu. Wahakiki huwa na tabia ya kulipuuza neno hili kwa kuliona kuwa la kitoto, wakapendelea -zuri, au bora zaidi, -enye ufanisi. Hata hivyo maneno haya hayana kazi moja. Tukisikia kwamba kitabu ni kizuri, sifa imewekwa juu ya kitabu, nacho kingeendelea kuwa kizuri hata kama hakuna mtu aliyekisoma. Tukisikia kwamba ni kitamu, hapana budi pawe na mtu aliyekionja. Utamu hauko katika sukari peke yake wala katika ulimi peke yake. Uko pale vinapokutana. Kwa hiyo tamu ni istilahi ya mapokezi ya kazi ya fasihi, na ilikuwapo vinywani mwa watu muda mrefu kabla Hans Robert Jauss hajatoa mhadhara wake huko Konstanz mwaka 1967 na kuwakumbusha wanafasihi wa Ulaya kwamba historia ya fasihi haiwezi kuandikwa bila msomaji.

Anayedhani kwamba hii ni desturi ya bara tu na hailingani na Kiswahili cha asili na akumbuke jinsi ngano zinavyofunguliwa pwani. Msimulizi anapoita hadithi, hadhira huitikia kwa kutaka utamu ukolee. Ombi hilo hutangulia hadithi. Ni kama sharti la mapatano kati ya msimulizi na wasikilizaji. Msomaji wa Kisumu anayesema kwamba kitabu kimekolea anatoa, mwishoni, jibu la ombi ambalo msikilizaji wa Lamu au Unguja alilitoa mwanzoni. Hawa wawili wanashiriki nadharia moja ya fasihi, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyeandikiwa.

Tena nadharia hiyo ina viwango. Kukolea si kuwa na chumvi nyingi. Ni chumvi kufikia kipimo chake. Hadithi iliyonoga imeiva na viungo vyake vimeshikana. Hadithi chapwa imekosa kitu, lakini hadithi inayokinaisha ina kitu kimoja kupita kiasi, iwe ni machozi, mahubiri au methali zilizorundikwa. Hadithi iliyochacha ilikuwa tamu zamani, ikaharibika kwa kurudiwarudiwa. Hapa pana tofauti tano za wazi ambazo msamiati wa fani na maudhui hauwezi kuzitenga kwa urahisi. Mhakiki anayetaka kueleza kwa nini riwaya fulani yenye dhamira njema na wahusika kamili inamchosha msomaji hulazimika kuandika aya nzima. Mpishi angetumia neno moja tu, kinaisha, na kila mtu angeelewa kasoro iko wapi.

Haifai kupendekeza kwamba wahakiki waiache mizani waliyonayo na kuhamia jikoni. Ladha haisemi lolote juu ya itikadi ya kitabu, na kitabu kitamu huweza kubeba mawazo maovu. Ila ni vigumu kuona kwa nini lugha yenye istilahi nyingi hivi za kupimia starehe ya kusoma iwe haina hata moja kati ya hizo katika vitabu vyake vya uhakiki.

Kudai ujamaa

Mtu wa mwambao anapokipenda kitabu, haishii katika kusema kuwa ni kitamu. Hatua ya pili ni kuwadai watu waliomo. Ili kuieleza hatua hii, yafaa kutazama desturi ya Wajaluo iitwayo *pakruok*. Neno hili linatokana na *pako*, kusifu, pamoja na kiambishi tamati *-ruok* kinachofanya nomino ya tendo linalomrudia mtendaji. Kwa hiyo ni kujisifu, au kusifiana. Katika ngoma ya nyatiti, zeze la nyuzi nane, mtu miongoni mwa wasikilizaji huweza kumsimamisha mpigaji kwa kutoa fedha, naye akapewa nafasi ya kusema. Hujitaja: ni mwana wa nani, binti wa wapi, shemeji wa nani, mwenyeji wa kilima gani au ufuko upi wa ziwa, hujifananisha na kitu cha ajabu, kisha muziki ukaendelea. Pakruok huingia katikati ya kazi ya sanaa bila kuivunja, na huunganisha sifa ya msanii, sifa ya msemaji na sifa ya mahali. Wanaochangamka zaidi kwa uimbaji ndio wanaokatiza mara nyingi zaidi.

Sifa za vitabu hufuata mwendo huo huo. Mfano ulio wazi ni riwaya ya Margaret Ogola, *The River and the Source*, iliyotoka mwaka 1994 na kupata tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza kwa kanda ya Afrika mwaka 1995. Ogola alikuwa daktari wa watoto, na hadithi yake yaanza na Akoko, binti wa mtemi wa Yimbo, kwenye ufuko wa ziwa, kisha yafuata vizazi vya wanawake waliomtokea. Kitabu hiki kilipata kuwa cha kutahiniwa katika somo la Kiingereza, na kwa hiyo kilisomwa na vijana wa Kenya nzima. Lakini mwanamke wa Yimbo anayemsifu Akoko hamsifu kama mhusika aliyechorwa vizuri. Humsifu kama *nyar Yimbo*, binti wa Yimbo, yaani dada yake. Huyo wa Sakwa naye hukumbusha kwamba ni huko Akoko alikoolewa. Mabishano yanayofuata huweza kuonekana kuwa ni juu ya vijiji na si juu ya riwaya. Walakini msikilizaji makini atagundua kwamba katika kubishana huko, tabia ya Akoko, mahari aliyotolewa, wivu wa mawifi na safari yake ya kwenda kushtaki Kisumu kwa wakubwa wa serikali vyote vimetajwa, vimepangwa na kupimwa. Huo ni uchambuzi wa wahusika, ila umevaa nguo za ukoo.

Riwaya ya Grace Ogot, *The Promised Land*, ya mwaka 1966, huzungumzwa vivyo hivyo. Ochola na mkewe Nyapol wanahama Seme, si mbali na Kisumu, kwenda Tanganyika kutafuta ardhi, na huko Ochola anapatwa na maradhi ya ajabu ya miiba mwilini. Msomaji wa mwambao haulizi kwanza kama ugonjwa huo ni jazanda. Huuliza kwa nini mtu amwache baba yake na boma lake, na kama Nyapol alifanya vyema kumfuata mume asiyesikia ushauri. Familia nyingi za Nyanza zina jamaa waliohamia upande wa Musoma, kwa hiyo swali hilo lina majibu yaliyo hai, na kitabu husifiwa kwa kuwa kimelijua swali la kuuliza.

Lakini mfano ulio bora kuliko yote ni *Miaha*. Ogot, aliyekwisha kujulikana kwa vitabu vyake vya Kiingereza, alianza kutoa vitabu vya Kijaluo mwaka 1981 kwa *Ber Wat* na *Aloo kod Apul-Apul*, na mwaka 1983 akatoa *Miaha*, maana yake bibi arusi. Kisa chake ni cha kale: zamani jembe lilikuwa likigusishwa ardhi tu asubuhi, nalo likalima lenyewe, mpaka alipokuja bibi arusi mmoja, Nyawir, akavunja mwiko na kulima kwa mkono wake. Tangu hapo binadamu wanakula kwa jasho. Kisa kilijulikana na wote kabla hakijaandikwa. Kwa hiyo aliyekisoma hakuwa na cha kufichuliwa, na mtu angetazamia kwamba hakutakuwa na la kusema. Ilikuwa kinyume. Mchezo wa kuigiza ulitolewa humo, na swali likabaki midomoni: je, Nyawir aliwaharibia watu maisha, au aliwapa kazi, na pamoja na kazi, heshima? Kila anayekisifu kitabu husimama upande mmoja. Asiyechagua upande haaminiki kwamba amekisoma.

Mwaka 1989 *Miaha* ilitoka kwa Kiingereza kwa jina la *The Strange Bride*. Mfasiri alikuwa Okoth Okombo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanaisimu ambaye wengi wanamfahamu kwa uchunguzi wake wa mofofonolojia ya Dholuo uliochapishwa mwaka 1982. Ni sawa kuihesabu tafsiri hiyo kuwa miongoni mwa sifa, na labda ndiyo sifa ya gharama kubwa kuliko zote, kwani hakuna asomaye kitabu kwa makini kama anayelazimika kukisema tena neno kwa neno. Kwa namna hiyo hiyo ndivyo Julius Nyerere alivyomsifu Shakespeare kwa kumtoa katika Kiswahili mwaka 1963 na tena mwaka 1969. Lililo la kusikitisha ni kwamba *Miaha* ilikwenda kwenye Kiingereza moja kwa moja. Kisa kinachohusu jembe na mwiko, ambacho mkulima wa Kigoma au wa Tanga angekielewa pasipo maelezo, kilisafirishwa kumpita jirani.

Sifa ya kitabu mbele ya hakimu

Huenda msomaji wa jarida hili akasema kwamba yote haya ni starehe za watu na hayana uzito. Mambo mawili yanapinga wazo hilo.

La kwanza ni kitabu cha Paul Mboya, *Luo Kitgi gi Timbegi*, kilichotolewa mwaka 1938. Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, aliandika juu ya desturi na mienendo ya Wajaluo kwa Kijaluo. Kitabu kilipendwa, kikatajwatajwa, kikakaririwa, na baada ya muda kikaacha kuwa maelezo ya desturi na kuwa desturi yenyewe. Wazee waliobishana juu ya ndoa, mazishi au ujenzi wa boma walikitaja kama shahidi. Hayo hayakuletwa na mchapishaji wala na serikali. Ni matokeo ya watu kuambiana kwa miaka mingi kwamba humo mna kweli. Hapa sifa imekuwa na nguvu za kisheria, jambo ambalo mhakiki anayemwonea haya msomaji mwenye shauku yampasa alifikirie.

La pili lilitokea mahakamani hasa. Mwanasheria S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilisikilizwa mapema mwaka 1987, ikafuatwa na rufani, na marehemu akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Katika kuonyesha kwamba marehemu alikuwa mtu wa maisha ya kisasa ambaye mila hazikumfunga, upande wa mjane ulitaja, pamoja na mambo mengine, jinsi alivyompenda Shakespeare na kumnukuu. Kwa hiyo mapenzi ya mtu kwa kitabu yaliwekwa mezani kama ushahidi wa yeye ni nani na mwili wake ni wa nani. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, ambao walieleza habari hizi kwa kirefu katika kitabu chao cha mwaka 1992, waliona vyema kwamba kesi ile ilikuwa pia kesi juu ya maarifa na vyanzo vyake.

Mahakama haikukubali hoja hiyo. Lakini hata pasipo hukumu, dhana iliyokuwa nyuma yake ilikuwa dhaifu, nayo ni kwamba kumpenda Shakespeare kunamtoa mtu katika watu wake. Katika mwambao wa ziwa, kunukuu ni ustadi wa mzee katika *duol*, banda la wanaume, na mtu anayetoa maneno ya kitabu kwa mdomo katikati ya mazungumzo anafanya jambo ambalo babu yake angelitambua, hata kama asingeyafahamu maneno yenyewe. Ukoo ungeweza kuutumia ushahidi ule ule.

Darasani

Shule ndiyo mahali ambapo Mjaluo kijana hukutana na kitabu cha Kiswahili, na kwa wengi ndiyo mahali pekee. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima, na riwaya, tamthilia na hadithi fupi teule zilisomwa kwa ajili ya mtihani. Mtaala wa umilisi unaochukua nafasi ya mfumo huo umepanua mambo mengi, lakini mazoea ya kufundishia hayabadiliki kwa waraka. Maswali yanajulikana: weka dondoo hili katika muktadha wake; taja tamathali iliyotumika; fafanua sifa nne za mhusika. Hakuna swali linalouliza kama kitabu kimekolea, wala wapi kimechapwa. Hata sifa, neno ambalo katika lugha ya kawaida ni kusifu, limegeuka darasani likawa orodha ya tabia za wahusika zinazopewa alama moja moja.

Hapa ndipo hasara inapoonekana kwa sikio. Kijaluo hakina ngeli za nomino kama za Kibantu, na Kiswahili kinachozungumzwa Kisumu, kama kile cha miji mingi ya bara la Kenya, hupunguza upatanisho wa kisarufi. Mwanafunzi aliyesisimka husema: hii kitabu ni tamu. Mwalimu mwema, kwa kutimiza wajibu wake, hujibu: kitabu hiki ni kitamu. Sentensi imenyooka, nayo hukumu imepotea. Mwanafunzi alikuwa ametoa kauli ya kihakiki, pengine ya kwanza maishani mwake kwa lugha hiyo, akajibiwa juu ya kiambishi. Swali ambalo lingefaa kufuata, yaani ni tamu wapi, na kwa nini, halikuulizwa. Mwanafunzi huyo akitoka nje atamweleza rafiki yake yote aliyotaka kusema, kwa Kijaluo, na rafiki atakiazima kitabu. Kiswahili kitakuwa kimempa hadithi, na Kijaluo kitakuwa kimepata uhakiki.

Hilo halimaanishi kwamba upatanisho usifundishwe. Wala si haki kusema kwamba mtihani huua mapenzi ya vitabu daima. *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, ilikuwa kitabu cha kutahiniwa, lakini jina la utani la mhusika wake mkuu, Kongowea Mswahili, lilitoka vitabuni likaingia katika midomo ya vijana wa shule kote Kenya. Walibora alipofariki Aprili 2020, watu waliokuwa wamekisoma kitabu hicho shuleni miaka mingi kabla walimwomboleza kwa kumtaja Kongowea na safari yake kutoka Tanga hadi Kitale kama watu wanaomtaja jamaa. Hiyo ilikuwa pakruok kwa Kiswahili, na waliitoa watu wa makabila yote. Mapenzi hayo yalikuwapo muda wote. Hayakuonekana katika karatasi za mtihani kwa sababu hayakuulizwa.

Yapasa pia kukiri udhaifu wa sifa hizi za wasomaji. Udugu hupofusha. Kitabu huweza kutukuzwa kwa kuwa kimetaja kilima cha nyumbani, huku kile kilicho bora zaidi kikiachwa kwa sababu watu wake ni wa mbali. Na kwa kuwa sifa husafiri kwa mdomo, hutegemea kitabu kiwepo cha kuazimana. Asenath Bole Odaga aliliona jambo hilo mapema. Mtaalamu huyu wa fasihi simulizi, aliyefariki mwaka 2014, hakutosheka na kuandika: alianzisha Lake Publishers mjini Kisumu mwaka 1982 na kuendesha duka la vitabu mjini humo, ili hadithi kama za Nyamgondho, mvuvi aliyemvua mwanamke ziwani akatajirika kisha akafilisika kwa ulimi wake, zipatikane kwa bei na mahali ambapo wenye hadithi wangeweza kuzifikia. Anyange Press, ya Kisumu pia, ilitoa vitabu vya Kijaluo katika miaka hiyo hiyo. Vingi vya vitabu hivyo leo ni adimu madukani. Watu wazima huvisifu mbele ya vijana ambao hawana pa kuvipata, na sifa ya kitabu kisichopatikana hugeuka upesi kuwa hadithi juu ya kitabu.

Kwa watafiti wa lugha, kazi ya kuanza nayo ni ndogo na inawezekana. Wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwamo wa Maseno, wamekuwa wakitumwa vijijini kurekodi ngano. Ngano ya Kijaluo ina kikomo chake kinachojulikana: msimulizi hutamka *tinda*, na kuomba arefuke kama mti wa kwa wajomba zake. Hapo aghalabu ndipo mtafiti huzima kinasa sauti, kwa kuwa hadithi imekwisha. Wasikilizaji nao, ambao walikuwa wamenyamaza kwa heshima ya mgeni na chombo chake, ndipo wanapoanza kusema: kwamba leo imekolea, kwamba wa Gwassi huisimulia vingine, kwamba yule mwanamke hakutendewa haki, kwamba mama fulani alikuwa akiimba wimbo wake vizuri zaidi. Maneno hayo hayamo katika mikusanyo iliyochapishwa.